Faili la njia panda ya shule: namna ya kuisaidia komini kuomba pesa jimboni

Nilifanya kazi relini hapa Lubumbashi hadi siku ya pensheni. Sikuwa dereva wala fundi. Treni ikigonga mkokoteni wa makala pale reli inapokatana na barabara, mimi ndiye niliyetumwa na utepe wa kupimia, kalamu na daftari, nirudi na ripoti. Wazazi waliponichagua kuwa sekretari wa COPA, kamati ya wazazi, katika shule ya wajukuu wangu, upande wa Bel-Air, nadhani walitaka mzee wa kuandika mialiko ya sherehe ya mwisho wa mwaka. Wiki ya tatu ya Septemba taksi-bisi ikamgonga mtoto wa darasa la tatu mbele ya lango. Mguu ulivunjika, Mungu alisaidia, anatembea. Jioni ile wazazi walijaa kwa direkta, kila mtu na sauti yake, na kesho yake tukapeleka barua kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa barua ya uchungu wa kweli. Mpaka leo haijajibiwa.

Nilipoisoma tena baada ya miezi miwili nikaona aibu ya kikazi. Ilisema watoto wetu wanamalizwa na serikali ifanye kitu. Hakuna jina la barabara, hakuna kipimo, hakuna bei. Hata kama afisa yule alikuwa na roho nzuri, hakuwa na cha kusogeza hadi meza inayofuata. Pesa za serikali zinaombwa na komini (sehemu ya mji yenye utawala wake) au na mji, haziombwi na mzazi. Kazi ya mzazi ni kutengeneza faili ambalo burgumesta, mkuu wa komini, hatakuwa na kazi nalo zaidi ya kulisoma na kutia saini. Ninaeleza hapa tulivyolitengeneza la pili, pamoja na makosa yetu.

Kwanza, jua barabara ni ya nani

Hapa ndipo faili nyingi hufia. Barabara kuu za taifa, kama ile ya Kasumbalesa kupita hapa kwenda Likasi na Kolwezi, ziko chini ya Office des Routes. Barabara za ndani ya mji ni za OVD, watu wa njia za mjini na mifereji. Avenyi ndogo za kartie, yaani mtaa, zinabaki kwa komini na meri, ofisi ya meya. Njia panda ya shule mara nyingi ina baba wawili, kwa sababu avenyi ya udongo inaingia kwenye lami kubwa. Ukimwandikia mmoja tu, atakuambia ni ya mwenzake, na mwenzake vilevile. Sisi tulichora mchoro wa mkono, tukaupeleka OVD, tukaomba watuandikie kwenye nakala yetu ni mstari upi ni wao. Maneno mawili na muhuri. Karatasi hiyo ilitufaa kuliko saini zote zilizofuata.

Shefu wa kartie mpitie, usimruke, maana akirukwa atakumbuka. Lakini usimwombe pesa. Kwa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ya mamlaka za ugatuzi, mji na komini ndizo zenye bajeti yao, kartie haina. Yeye atapiga muhuri na kukuonyesha mlango.

Kupima

Kaeni hapa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Chagueni siku mbili za kawaida. Tulichukua Jumanne na Alhamisi, tukaiacha Jumatatu kwa sababu magari ya soko yanaibadilisha. Saa moja kasorobo asubuhi wakati wa kuingia, halafu adhuhuri. Ikiwa shule yenu ina zamu mbili kama yetu, adhuhuri ndiyo saa mbaya kupita zote: wa asubuhi wanatoka mbio na njaa, wa mchana wanaingia mbio kwa kuogopa kengele, wanakutana katikati ya lami. Tangu masomo ya msingi yafanywe bure mwaka 2019 vikundi hivyo vimenenepa, na barabara imebaki ileile.

Kuhesabu magari tulitumia makopo ya maziwa. Punje ya mahindi kwa kila taksi-bisi, harage kwa kila lori, karanga kwa kila pikipiki. Siku ya kwanza hesabu ya pikipiki ikatoka ndogo hata nikashangaa, na mimi naziona kwa macho zinapita kama nzige. Vijana wa darasa la sita walikuwa wanatafuna hesabu. Alhamisi tukatumia vizibo vya chupa.

Mwendo unapimwa bila mashine. Pimeni mita 50 kwa utepe kando ya barabara, chora mstari wa chokaa kila mwisho. Mmoja ashike simu yenye saa ya sekunde. Gurudumu la mbele likigusa mstari wa kwanza, bonyeza. Likigusa wa pili, simamisha. Gawa 180 kwa sekunde ulizopata, jibu ni kilomita kwa saa. Sekunde 6 ni 30. Sekunde 3.6 ni 50. Sekunde 3 ni 60. Pima magari kama mia, yakija yenyewe bila foleni, na uandike kila moja, hata linalotembea polepole. Ukiandika ya mbio peke yake, fundi wa OVD atakugundua kwa dakika tano.

Jificheni kidogo. Nilipokaa wazi na kofia yangu ya zamani, madereva walidhani mimi ni wa rulaji, polisi wa barabarani, wote wakawa malaika. Nikahamia nyuma ya meza ya mama anayeuza mikate ya mafuta. Manseba mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, alisimamisha pikipiki yake, akaniangalia weee, akauliza, "Papa, ni serikali njo inakutuma?" Nikamwambia hapana, ni wajukuu. Akakaa nasi saa nzima, akawa anatuambia kabla gari halijafika: huyu atakimbia, huyu hapana. Alikosea mara chache sana.

Kisha pima mtoto. Jumapili asubuhi, barabara ikiwa tupu, mama yake akiwa kando, tulimwomba mtoto wa miaka saba avuke kwa hatua zake za kawaida. Lami yetu ina upana wa mita 11. Alitumia sekunde 12, begi mgongoni. Sasa fanya hesabu moja tu. Gari la kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Kwa sekunde 12 linakula zaidi ya mita 160. Kwa hiyo mtoto akianza kuvuka lazima barabara iwe tupu mita 160 mbele yake, na lazima aione yote. Tulisimama langoni, tukachuchumaa mpaka macho yawe kimo chake, tukapima anaona wapi. Mita 40. Baada ya hapo ni kibanda cha kuuza vocha na taksi-bisi zilizosimama. Sentensi hiyo, 160 na 40, ndiyo tuliyoiweka juu kabisa ya faili. Sijaona mtu aliyeisoma akageuza ukurasa bila kuirudia.

Ongezeni na ya kusimama: kwenye lami kavu, dereva akichukua sekunde moja kushtuka, gari la kilomita 50 kwa saa linahitaji takriban mita 28 kusimama, la 30 linahitaji kama 13. Ndiyo maana mkutano wa mataifa wa Stockholm mwaka 2020 ulitaka kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na watu wa miguu wanachanganyika. Takwimu za dunia wekeni mstari mmoja basi. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, na hiyo inatosha. Afisa wa Lubumbashi anataka habari za Lubumbashi.

Daftari la ajali

Tulikwenda kwa polisi wa barabarani kuomba hesabu ya ajali za pale. Walitupokea vizuri, wakafungua kitabu, wakapata chache mno. Hawakutudanganya. Hapa kwetu dereva akimkwaruza mtoto, wazazi wanapatana naye kando, analipa dawa, wanaagana. Hakuna pevee, ripoti ya polisi. Kwenye karatasi, njia panda yetu ilikuwa salama kama uwanja wa kanisa.

Basi fungueni daftari lenu. Tarehe, saa, mvua au jua, aina ya gari, mahali penyewe kwenye mchoro kwa alama ya msalaba, nini kilitokea. Majina ya watoto yasiandikwe, wala namba za magari. Mnatafuta mahali penye kosa, hamtafuti mkosaji. Wenye magari wakijua hivyo wanaongea. Andikeni pia zile za "nusura", breki zilizolia bila mtu kuguswa. Relini tuliziandika siku zote.

Daftari letu lilitufundisha jambo ambalo hatukulitarajia. Misalaba mingi haikuwa kwenye njia panda yenyewe, ilikuwa hatua kama ishirini kabla yake, mahali taksi-bisi zinaposhusha. Hiace nyingi hapa zimetoka Japani kupitia Dar es Salaam, usukani uko kulia na mlango wa abiria uko kushoto. Sisi tunaendesha upande wa kulia. Kwa hiyo mtoto akishuka anashukia katikati ya barabara, mgongo kwa gari lake, uso kwa magari mengine. Wazazi wote walikuwa wanaomba taa za barabarani. Baba mmoja alitaka roboti kama zile zilizowekwa Kinshasa mwaka 2013. Kumbe cha kwanza cha kuomba kilikuwa kuhamisha kituo.

Omba vitu vyenye jina na bei

Tulipanga maombi kutoka la bei ndogo kwenda la bei kubwa, kila moja likiwa na ukurasa wake, ili mwenye pesa kidogo aweze kukubali moja bila kukataa faili zima. La kwanza: kituo cha taksi-bisi kipelekwe mita 40 baada ya njia panda. Baada, si kabla, kwa sababu gari lililosimama kabla ya kivuko linamficha mtoto anayevuka mbele yake. La pili: kibanda kisogezwe, alama za shule, bango la 30, rangi ya pundamilia. La tatu: dodani mbili, yaani matuta ya kupunguza mwendo, na kivuko kilichoinuliwa. La nne: kisiwa cha saruji katikati, mtoto avuke nusu, apumue, amalize. Taa tuliziacha. Umeme wa kwetu tunaujua.

Kuhusu dodani nina maneno. Ile nyembamba yenye mgongo wa panga, wanayoimwaga vijana kwa saruji usiku wa salongo, kazi ya pamoja ya kartie, inavunja springi, na madereva wanaikwepa kwa kupita pembeni, mahali penyewe watoto wanapotembea. Omba pana: kimo kama sentimita 10, urefu wa kuipanda na kuishuka karibu mita 4. Gari linapita bila kugongwa, lakini halipiti mbio. Na iachiwe nafasi kwenye kanivo, mtaro wa kando ya barabara, maji ya Desemba yapite. Tuta lililoziba mfereji litavunjwa na wenye nyumba zilizofurika, nao watakuwa na haki.

Bei usiitunge. Idara ya ufundi ya komini, au OVD, inaweza kuandika devi, makadirio ya gharama, kwa bei zao za kawaida. Tulimsubiri injinia wiki tano. Alipokuja tulimpa kiti, sukre (soda) baridi na makopo yetu ya vizibo. Alicheka, halafu akahesabu mwenyewe robo saa, akakuta tunalingana. Tangu hapo alikuwa mtu wetu. Jina la fundi wa kufanya kazi msiliweke, hata kama shemeji yenu anauza rangi. Kazi ya pesa za umma inapita kwenye sheria ya manunuzi ya tarehe 27 Aprili 2010, na jina la shemeji linaweza kuchafua faili lote.

Shule yenyewe nayo iulizwe. Mjini Dar es Salaam shirika la Amend limetengeneza njia za kuingilia shule nyingi kwa vitu vya bei ndogo: njia za miguu, matuta, vivuko, hata kuhamisha lango kwenda upande wenye utulivu. Mradi huo ulipata tuzo ya miji ya WRI Ross mwaka 2019. Lango letu la nyuma linatokea avenyi ya udongo isiyo na malori. Direkta alikataa mwanzoni kwa sababu ya wezi. Sasa linafunguliwa adhuhuri kwa madarasa ya kwanza na ya pili, na mlinzi anasimama pale. Halikugharimu hata faranga, na kwenye faili lilionyesha kwamba na sisi tumefanya yetu.

Mfuko upi

Msiandike "tunaomba pesa kwa serikali". Andikeni mfuko. FONER, mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara ulioundwa mwaka 2008, unakula kwenye mafuta ya magari na ushuru wa barabarani, na kazi yake ni kutunza barabara zilizopo. Rangi, alama, kukarabati mtaro na dodani zilizovunjika viingie huko, kwa jina la matengenezo. Kisiwa kipya ni ujenzi. Hicho kielekezeni kwenye bajeti ya jimbo.

Halafu kuna shaba. Kwa sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, mrabaha wa madini unagawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mamlaka ya mahali mgodi ulipo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kama komini yenu ina mgodi ndani ya mipaka yake, ulizeni zile 15 zimepangiwa nini mwaka huu. Kama haina, zile 25 za jimbo bado ni za kuulizia. Nilipenda sana kuandika katika barua kwamba malori yanayotutisha yamebeba kitu kinacholipa mrabaha. Burgumesta aliifuta sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu. Labda alikuwa na haki.

Angalieni kalenda. Mwaka wa bajeti unaanza Januari, na kikao cha bunge la jimbo cha Septemba ndicho cha bajeti. Ukifika Oktoba na faili zuri, umefika kwa ajili ya mwaka unaofuata wa pili. Lenu liwe kwa burgumesta Aprili, kwa meya Juni. Sisi tulifika mwisho wa Mei, tukiwa tunahema.

Madiwani wa komini waliochaguliwa Desemba 2023 waalikeni waje wenyewe, saa sita adhuhuri, wasije saa nne kwa hotuba. Mmoja alikuja, mama wa heshima, viatu vizuri. Tulimpa mkono wa mtoto mmoja, tukasema, "Mama, mvushe." Alikanyaga lami akarudi, akakanyaga akarudi, mara tatu. Ya nne walivuka wakikimbia. Alipofika ng'ambo hakuuliza tena takwimu.

Saini na muhuri

Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2006 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Hakuna anayeruhusiwa kukushtaki kwa sababu umeomba. Andikeni neno "pétition" juu, mtaje kifungu hicho, na barua yote iwe ya Kifaransa; mabishano tulifanya kwa Kiswahili, makatibu wa ofisi wanasoma Kifaransa. Kila karatasi ya saini ibebe juu yake maneno ya ombi lenyewe, la sivyo mtu atasema watu walisaini karatasi nyeupe. Asiyejua kuandika atie dole gumba. Watoto wasisaini.

Pelekeni nakala mbili. Moja inabaki, nyingine inarudi na muhuri, tarehe na namba ya kitabu cha kuingia. Barua yetu ya kwanza haikuwa na namba, kwa hiyo haikuwahi kuwepo. Hii ya pili niliifuata kila Jumatano ya pili, kwa namba, bila kelele. Katibu wa ofisi alianza kuniamkia kabla sijafika mezani: "Papa wa njia panda."

Kituo kilihamishwa Agosti kwa barua ya meri, alama na dodani zikawekwa na komini kabla ya mvua. Kisiwa kimeandikwa kwenye bajeti ya jimbo. Kuandikwa si kutolewa. Kati ya hayo mawili kuna idara ya fedha, na huko ndiko ninakokwenda Jumatano siku hizi.

Wakati huo huo tunapima tena. Mahali palepale, siku zilezile, mita 50 zilezile, kwa sababu injinia ameomba hesabu ya kabla na ya baada ili aiweke kwenye maombi ya shule nyingine mbili. Chokaa inafutwa na mvua, kila mara tunaichora upya kuanzia misumari miwili niliyoigonga kwenye ukingo wa kanivo. Vizibo anavitunza mjukuu wangu, na haruhusu mtu mwingine kufungua kopo.